Sumu Haipiti Huko

Anayenadi dawa za kusafisha tumbo hapa Kalangalala, mjini Geita, ana bahati ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hana: wateja wake wanaishi jirani na sumu kweli. Ukimwambia mtu wa Geita kwamba mwilini mwake mna sumu, habishi, maana nani hajaona dhahabu iliyonaswa kwa zebaki ikichomwa uani kwenye kikaango, moshi wa zebaki ukitambaa hadi kwenye sufuria ya ugali? Tatizo ni njia. Mvuke wa zebaki huingia kwa mapafu, ukapita kwenye damu, ukatua kwenye figo na ubongo; ndiyo maana daktari anayeutafuta huomba mkojo. Kwa hiyo anayeingiziwa maji kwa mpira huko nyuma, au anayebugia maji ya chumvi alfajiri kisha akadandia bodaboda ya Nyarugusu, amejitafutia balaa la njiani, na zebaki yake iko palepale.

Na utumbo mpana wenyewe unasingiziwa. Unanadiwa kuwa umegandiwa na uchafu wa miaka, ilhali utando wake wa ndani hujibadilisha kila baada ya siku chache. Uchafu huo wa kale ungeshikilia wapi? Kazi yake Mgeita anaielewa kuliko wengi: ni kuchenjua marudio, yaani mabaki ambayo dhahabu yake ya kwanza imeshatolewa. Kila siku hupokea lita moja hadi moja na nusu ya majimaji ambayo utumbo mwembamba umeshachukua chake, ukayarudisha mwilini karibu yote pamoja na chumvi zake. Mtambo huo ukimwagiwa maji ovyo, hesabu ya chumvi kwenye damu inaweza kuvurugika. Na mpira ukishikwa na mkono usiojua, utumbo ukatoboka, kinachofuata ni upasuaji.

Lakini mbona mtu akitoka kusafishwa tumbo anajisikia mwepesi? Hadanganyi. Mwaka 1922 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio la mtafiti Donaldson: vijana wenye afya walijazwa pamba sehemu ya mwisho ya utumbo (naam, pamba, hii tunayoilima Usukumani), wakapata uchovu na maumivu ya kichwa yale yale ya mtu aliyefunga choo. Pamba haina sumu. Kilichowasumbua ni kujaa tu, kwa hiyo wepesi si ushahidi kwamba kuna sumu iliyotoka. Wengine watasema mbona hospitali nazo husafisha tumbo. Husafisha ili daktari aone ndani kwa kamera, au choo kilichokwama kitoke, kisha basi. Choo kigumu cha kawaida kinataka mlenda, matunda na maji, vyote vipitie mdomoni. Zebaki inataka chombo cha kufunika dhahabu inapochomwa, kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumia tena. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unataka uchomaji wa wazi ukomeshwe. Anayenadi dawa hakitaji chombo hicho, kwa kuwa mteja hukinunua mara moja, ila kusafishwa tumbo anaambiwa arudi mwezi ujao.