Roketi Yao, Hasara Yangu

Sina ugomvi na haidrojeni. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, na haijawahi kunidai kitu. Ugomvi wangu ni na shule iliyonigeuza stoo yake. Tangu Mtaala wa Umilisi uanze madarasani mwaka 2019, kundi la WhatsApp la wazazi huamka saa tatu usiku, maduka yakifungwa, kuagiza vitu vya kesho asubuhi. Tumeshapeleka magazeti ya zamani, mbegu za maharagwe, kamba za katani, na picha za rangi za kuchapishiwa saiba kwa bei ya nyanya za wiki. Safari hii mwalimu wa sayansi alitaka chupa ya soda ya nusu lita, mpira mwembamba, betri kuukuu, na kiwashio cha jiko la gesi. Kila kitu kiandikwe jina la mtoto kwa wino usiofutika.

"Dadi, tunarusha roketi," kijana akanieleza, akishaniwekea kiwashio changu kwenye begi lake.

Zama zetu za mtaala wa 8-4-4 haidrojeni ilikuwa ya kukariri. Tia zinki kwenye asidi hafifu, kinga gesi, sogeza kijiti kinachowaka, kisha andika kwamba iliwaka kwa mlio wa "pop". Wengi tuliuandika mlio huo mpaka mtihani wa kidato cha nne bila kuusikia, maana asidi ilifungiwa kabatini na ufunguo ulikuwa na mtu ambaye hakuwepo. Mzazi hakutoa hata ndururu. Siku hizi lazima mtoto ausikie, na mtaa mzima wa Umoja umsindikize.

Shule yenyewe imebanwa katikati ya maghorofa, na kiwanja chake ni pale basi la shule linapogeuzia, likibahatika. Nilidhani tutapelekwa uwanja wa Jacaranda, ambao umezoea kelele za wanasiasa. Wapi! Roketi ilirushwa palepale, chini ya nguo za watu zilizoanikwa.

Chupa ya kwanza mwalimu aliijaza haidrojeni tupu. Kiwashio kikalia ta, ta, mwali ukachungulia mdomoni mwa chupa, na chupa ikakaa. Wazazi tukapiga makofi ya heshima. Msichana mmoja wa Gredi ya 8 akanyoosha mkono: "Mwalimu, si inahitaji oksijeni ndiyo iwake yote?" Mwalimu akasema hilo ndilo alilotaka waligundue. Haya.

Na kweli, binti alijua. Haidrojeni sehemu mbili, oksijeni sehemu moja, cheche ikipita zinaungana zote kwa mpigo. Joto linaitanua ile gesi ghafla, inafyatuka kupitia mdomo ulioelekea chini, na chupa haina budi kwenda juu. Kinachozaliwa ni maji. Nikapiga hesabu: nusu lita ya mchanganyiko huo inakupa kama robo gramu ya maji, yaani matone matano hivi. Katika mtaa ambao bomba hukohoa hewa kuanzia Jumatatu, karo yangu inatengeneza matone matano, tena kwa mlipuko.

Maana chupa ya pili haikusema "pop". Ililia kama bomu la machozi, na sisi wa Eastlands tukisikia mlio wa aina hiyo hatuulizi, tunalala. Mama chapati akafunika unga. Duka la M-Pesa likashusha mlango wa chuma. Vijana wa bodaboda wakatoweka na mchuuzi wa mitumba akabeba bunda lake akiapa kwamba ni askari wa kanjo. Chupa ikapanda, ikapita ghorofa ya tatu, ikagonga ukuta, ikatumbukia kwenye balkoni ya nne, ndani ya sufuria ya maharagwe iliyokuwa juu ya jiko.

"Nani ananirushia takataka?" mwenye maharagwe akachungulia.

"Pole, mama. Ni sayansi," mwalimu akajibu.

"Sayansi ya nani?"

Akaitoa chupa kwa mwiko, akaigeuza, akasoma jina. Nadhani sasa unaelewa maharagwe yale yalilipwa na nani.

Nilipolalamika, mwenyekiti wa wazazi alinitolea historia. Eti Kenya ni nchi ya roketi. Eti tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, ilirushwa Ngomeni, karibu na Malindi. Eti palichaguliwa kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi bure, na Nairobi iko karibu zaidi na ikweta kuliko Ngomeni! Yote kweli. Ila mwenyekiti aliruka jambo moja: Waitaliano wenye jukwaa lile la San Marco waliliweka baharini, ambako kitu kikianguka kinaangukia samaki. Hata setilaiti yetu ya Taifa-1, Aprili 2023, tuliipeleka ikarushiwe California.

Na aliwasahau watu wa Mukuku, kule Makueni. Tarehe 30 Desemba 2024 waliangukiwa na pete ya chuma ya kilo 500 hivi, kipande cha roketi kutoka angani. Bahati hakuumia mtu. Lakini angalau wao hawakuwa wameombwa kuchangia ile pete, wala haikuandikwa majina ya watoto wao.

Sasa naiomba shule kwa heshima. Kwenye risiti ya karo kuna mstari ulioandikwa "maabara", na nimeulipa kila muhula bila kuchelewa. Kabla shule haijafunguliwa tena, naomba nionyeshwe mlango wake.