Wi-Fi Ipo, Ila Inaishi kwa Keateka

Tangazo lililonileta kwenye hosteli hii ya Kawangware lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya stima, na liliahidi mambo manne: maji saa zote, tokeni za stima zenu wenyewe, mlinzi usiku, na Wi-Fi ya bure. Maji huja yanapojisikia. Tokeni tunachanga kwa matusi. Mlinzi yupo na usingizi wake ni mzuri. Wi-Fi nayo ipo, sibishi. Ipo chumbani kwa keateka, mtunza jengo letu, chini kabisa karibu na lango. Mimi nalala orofa ya nne.

Hebu fikiria huyo mgeni, intaneti, alikotoka. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, huo wa TEAMS ukiwa umetoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu, ukalazwa chini ya Bahari ya Hindi kwa maelfu ya kilomita. Intaneti husafiri kote huko, ikapanda Mtito Andei hadi Nairobi, ikapita Lavington kwa mabwanyenye, ikavuka barabara na kuingia Kawangware ikiwa buheri wa afya. Kisha inafika langoni petu na kushindwa na ngazi.

Sababu ninaijua, na ndiyo inayonichoma. Mwenye nyumba, kwa kuogopa wezi, ameifungia ruta ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli. Mawimbi ya redio na chuma hayapatani. Mwalimu wa fizikia alituambia hivyo na hata waliokuwa wakisinzia walisikia. Hayo machache yanayoponyoka yanakutana na sakafu za zege zilizojaa nondo. Nilimwendea keateka nikamweleza taratibu. Alinisikiliza kwa heshima zote, akatikisa kichwa, akasema: “Sasa wewe msomi, ruta ikiibiwa, hayo mawimbi utayaona wapi?”

Nilirudi mdomo wazi.

Hata lango lisingekuwa mbali, kuna majirani. Fungua simu yako hapa na utaona orodha ya mitandao inayoshuka hadi kidole kichoke: “Nunua Yako”, “Jirani Wacha”, “Deni Kwanza”. Karibu yote inapigania masafa yale yale ya gigahezi 2.4, ambamo ni chaneli tatu tu, 1, 6 na 11, zinazoweza kukaa pamoja bila kukanyagana. Ni kama Jumapili asubuhi mtaani kwetu, makanisa matatu kwenye kipande kimoja cha barabara, kila moja na spika yake, na Mungu anatarajiwa atenganishe maombi.

Kwa hivyo tumehamia kwenye ngazi. Kati ya orofa ya kwanza na ya pili kuna vidato ambapo simu huonyesha mistari miwili, na hapo ndipo maktaba yetu ilipo. Wa mwaka wa nne wana vidato vyao. Wa mwaka wa kwanza husimama. Kazi za wahadhiri hufungwa saa sita kasoro dakika moja usiku, na kuanzia saa tano ukipita hapo na ndoo yako ya maji utasikia maneno ambayo hayako kwenye mtaala. Napakia kazi yangu, nafikia asilimia tisini na kitu, halafu yule bwana wa chumba cha chini, jirani wa keateka, anafungua mpira wa Uingereza. Kiduara kinazunguka. Goli likiingia, yeye anashangilia, na sisi tunajua kazi zetu zimekwenda wapi.

Usinielewe vibaya, chuoni tunaunganishwa vizuri. KENET imekuwa ikivitafutia vyuo vya Kenya mtandao kwa zaidi ya miaka ishirini, na kuna ile huduma ya eduroam: mwanafunzi mwenye akaunti akitua chuo kikuu cha Ujerumani, simu yake inajiunga yenyewe bila kumwomba mtu. Yaani nikifika Berlin mtandao unanijua. Nikifika kitandani kwangu, haunijui.

Kinachonikera zaidi ni binamu yangu. Anaishi Gatwekera, Kibera, chumba cha mabati. Mabati nayo hayapendi mawimbi, lakini huko hakuna aliyelia kuhusu fizikia: antena imetundikwa nje kwenye mti juu ya paa, inatazamana na mnara, na waya umeingizwa ndani. Asiye na antena ananunua saa moja kwa shilingi 10 kibandani. Si hivyo tu. Taasisi ya Tunapanda, iliyo humo humo Kibera, imejenga mtandao wa jamii, TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana. Yule wa shilingi 10 akikuuzia saa mbovu, kesho hamwoni mteja, kwa hivyo hupanda paani mwenyewe hata kukiwa na matope hadi magotini. Yetu ni ya bure, na cha bure hakina mahali pa kulalamikia. Bure yenyewe, kodi iliongezwa shilingi 500 kwa ajili yake.

Basi Jumamosi natia laptopu mkobani, naishuka Naivasha Road hadi Ngong Road, napita soko la Toi na kuingia Kibera. Mama alinionya nisiende kuzurura huko. Sizururi, Mama. Nakwenda kuwasilisha kazi ya takwimu.

Juzi wapangaji tuliungana tukaandika malalamiko. Mwenye nyumba alijibu kwa kasi ambayo mtandao wake hauijui: alibadilisha paswadi, “kupunguza msongamano”. Wote tukatupwa nje. Paswadi mpya akaituma kwenye grupu ya WhatsApp ya wapangaji, ambayo bila Wi-Fi wengi wetu hatuifungui. Nilinunua bando ya shilingi 20 nikaisoma: lipakodikablayatarehe5, herufi ndogo, bila nafasi. Nikateremka hadi kwenye ngazi, nikamsukuma wa mwaka wa kwanza, nikaiandika. Ikakubali papo hapo. Simu ikanipongeza: imeunganishwa, hakuna intaneti.