Namna ya Kuishi kwa Amani na "Myself"

Ukijifunza Kiingereza hapa Kibingo, usianzie ubaoni. Anzia shambani. Mtu anapogoa mibuni, panga linamteleza: amejikata. Kiswahili kimemaliza kwa "ji" moja, inayotosha kwa mimi, wewe na wao. Kinyambo, lugha ya wenyeji wa hapa, nacho huingiza kiambishi chake ndani ya kitenzi vilevile. Kiingereza huweka neno zima baada ya kitenzi, nalo humfuata mtendaji: I cut myself, she cut herself, they cut themselves. Yako manane. Yakariri yote, na ukiwa na wengi andika "selves", kamwe usiandike "selfs".

Sasa sikiliza vizuri: usihamishe kila "ji" uliyonayo. Dada akijifungua, ukiandika "she opened herself" utawatisha wauguzi. She gave birth. Nimejifunza ni "I learned" tu. Najisikia vizuri ni "I feel well". Mtoto aliyesoma hadi darasa la saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kikamgeukia kwa Kiingereza, hakosei kwa uvivu. Anatumia sarufi anayoijua, na anastahili kuelezwa tofauti hii badala ya kuchekwa.

Mwenyeji anayezungumza Kiingereza akikuwekea chakula akasema "help yourself", usiulize choo kiko wapi. Pakua. Nawe ukimkaribisha kwenye ndizi na senene, usimwambie ajisaidie, mwambie karibu.

Harusini, MC anayetaka kusema maharusi wanapendana asitangaze "they love themselves". Hapo amewaambia wakwe kwamba kila mmoja anajipenda peke yake. "-an-" ya kupendana ni "each other".

Kwenye vikao, wajumbe hupenda "call the chairman and myself", wakidhani ndiyo heshima. Mwondoe mwenyekiti kwenye sentensi: "call myself"? Haikai. Ni "me". Ukijitambulisha, anza na "I am", maana "myself" haiwezi kuwa kiima ikiwa peke yake.

Zoezi la kwenda nalo nyumbani: "Mama amechuma kahawa yake mwenyewe." Kahawa ni mali yake, au hakuna aliyemsaidia kuchuma? Kiswahili kinakuruhusu kunyamaza; Kiingereza kinakutaka uchague kati ya "her own coffee" na "her coffee herself". Kabla hujaandika, kamuulize mama.