Jinsi ya Kuwapelekea Wajerumani Injili Waliyotuletea

Hongera kwa kuchaguliwa. Kijana wa usharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwenye kipaimara, sauti ya besi na diploma ya ualimu inayosubiri ajira mwaka wa tatu sasa, wewe ndiye hasa anayetafutwa kwa mwaka wa kujitolea Ujerumani. Njia unayoipita ilifunguliwa na Wajerumani wenyewe. Johannes Rebmann alitoka Gerlingen, akauona Kilimanjaro mwaka 1848 na kuandika kwamba una theluji. Wasomi wa Ulaya ambao hawakuwahi kukanyaga huku wakambishia. Mwaka 1893 wakaja wamisionari wa Leipzig, wakaanzia Machame. Mwaka 2008 serikali yao ikaanzisha mpango wa weltwärts wa kuwaleta vijana wao kujitolea kwetu na kwingineko, na ilipofika 2013 ikakumbukwa kwamba ndege zinazowaleta huwa zinarudi. Ndipo ukapata nafasi. Fuata hatua hizi.

1. Agwa bila kutaja kazi

Barua ya mwaliko inasema wazi: utahudumu katika makao ya wazee. Habari hiyo ibaki kwenye barua. Jumapili ya kuagwa utaitwa mbele, mchungaji atakuwekea mikono, kwaya itaimba, na mzee wa kanisa atakufananisha na Paulo akivuka kwenda Makedonia. Ukisimama na kusema unakwenda kuogesha vikongwe, mama yako atauliza mbele ya watu kama hao vikongwe hawakuzaa. Sema unakwenda katika utumishi. Watu wataitika "Amina" na kutoka nje kwenye mnada.

Huko nje utapokea maagizo: simu, viatu, kompyuta mpakato, kinanda cha kwaya, na trekta la shamba la usharika. Usimkatalie mtu. Andika yote kwenye daftari, tena waone ukiandika.

2. Jifunze Kijerumani cha kwenye mtihani

Utasoma miezi kadhaa mpaka uweze kueleza unaishi wapi, unapenda kula nini na ndugu zako ni wangapi. Ukifaulu utapata cheti, na cheti kitakusaidia kupata viza. Kazi yake inaishia hapo. Utakayefanya naye mazungumzo ni bibi wa miaka tisini ambaye meno yake yako kwenye glasi, anaongea lahaja ya kijijini kwao, na hana haja yoyote ya kujua ndugu zako ni wangapi.

3. Kanisani, tafuta pa kukaa (hutatafuta sana)

Utakuta jengo la mawe lililojengwa kabla babu wa babu yako hajazaliwa, kinanda kikubwa kama nyumba ya mwinjilisti, na waumini ambao wangeenea kwenye daladala moja na konda akaendelea kuita abiria. Usimkalie mtu karibu. Kuna mabenchi ya kutosha kila mmoja na lake. Ibada itachukua saa moja. Usigeuke nyuma kutafuta kwaya ya pili, ya akina mama, ya vijana na ile ya wageni kutoka mtaa wa jirani. Imeisha. Nenda ukanywe kahawa.

Pia usitafute mnada. Hakuna mama aliyeleta kuku, wala mzee wa kumnunua yule kuku na kumrudisha ili apigwe mnada tena. Kanisa linaendeshwa kwa kodi. Serikali humkata muumini asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, kutegemea jimbo analoishi, na kulipelekea kanisa. Mtunza hazina wa usharika wako akisikia habari hii atataka kuhamia huko. Mwambie na upande wa pili: anayechoka kulipa huenda ofisini kujiandikisha kwamba ametoka. Katika jimbo la Nordrhein-Westfalen shughuli hiyo hufanyika mahakamani kwa ada ya euro 30. Mwaka 2023 waliotoka katika makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani walikuwa takriban 380,000. Kwetu mtu akihama kanisa halipi chochote, ila anasemwa bure.

Wenyeji watakuuliza, kwa unyenyekevu wa kweli, nyinyi mnajazaje makanisa. Wanatarajia useme ni imani, na imani kweli ipo. Usiwachoshe na mengine: kwamba usharika ndio unaokuuguza, unaokuchangia ada, unaokusuluhisha na mkeo na unaokuzika, na asiyeonekana kanisani huanza kujiuliza nani atabeba jeneza lake. Kwao kazi hizo zina bima, pensheni na ofisi yenye namba ya foleni. Jibu "tunaimba sana." Watafurahi.

4. Beba furaha ya Kiafrika, hata kama hujawahi kuwa nayo

Itafika Jumapili ya ushirikiano, siku ya kukumbuka kwamba usharika huu na dayosisi yako ni marafiki. Utaombwa uvae kitenge na upige ngoma. Wewe ni mtu mkimya. Tangu Sunday school umeimba besi kwa nota, tena nyimbo za Luther na Gerhardt, ambazo wamisionari waliwafundisha wazee wako na wazee wako hawakuruhusu zibadilishwe hata nukta moja. Ngoma hukuigusa, kwa sababu wamisionari hao hao waliwaambia ni ya shetani.

Usianze kueleza haya, ratiba imeshachapishwa. Piga ngoma. Kisha watakuimbia "Jambo Bwana", wakiwa na hakika kwamba umelelewa nayo. Ni wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa, uliotoka mwaka 1982 kwa ajili ya watalii, na mwaka uliofuata Boney M, kundi lililotengenezwa Ujerumani, likatoa toleo lake. Maana yake wimbo huo ni wao kuliko ulivyo wako. Itikia.

5. Pokea jembe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaisema sisi. Wanaoifuata ni Wajerumani. Siku ya tatu utapewa glavu, aproni na ratiba. Utapanga vikombe vyenye mdomo, utatandika vitanda, utasukuma viti vya magurudumu, utamlisha mtu uji kijiko kwa kijiko huku ukimsubiri ameze. Ukiuliza kama unaweza kuingia shule ya jirani ukafundisha, maana ndicho ulichosomea, utaelezwa kwa heshima zote kwamba cheti chako hakitambuliki, na kwamba huo ndio utaratibu.

Sasa mkumbuke kijana wao aliyekuja kwenu. Alimaliza sekondari mwezi wa sita, akafika akiwa na miaka kumi na tisa. Mlimchinjia mbuzi, mkampa kiti cha mbele, na Jumatatu ya pili alikuwa darasani akifundisha Kiingereza, ambacho si lugha yake wala ya wale watoto. Hakuna aliyemwomba cheti. Akirudi kwao anasema Afrika ilimfundisha mengi, na ni kweli: mliwatoa watoto wenu ili ajifunzie.

Usikasirike, maana hapa ndipo mwongozo huu unapofaa. Yule bibi mwenye meno kwenye glasi atakuuliza kila asubuhi umetoka wapi, na kila asubuhi atafurahi upya kusikia ni Afrika. Hakuna mapokezi yanayodumu hivyo. Siku za mwanzo atakataa mkono wako. Baadaye atamkataa kila mtu mwingine, na wauguzi watakuja kukuita. Kule kanisani ulihesabu vichwa ukawasikitikia, lakini lile jengo tupu lina mkono unaoitwa Diakonie, na mkono huo umeajiri zaidi ya watu 500,000 katika hospitali, makao ya wazee na vituo vya walemavu. Baadhi yao hawaingii kanisani hata Krismasi, ila saa kumi na mbili asubuhi wako wanamgeuza mgonjwa asipate vidonda. Ulitumwa kuwapelekea Injili. Wape mkono wamgeuze mgonjwa.

6. Mambo madogo ambayo si madogo

Chupa ya plastiki ina senti 25; rudisha dukani. Karatasi pipa lake, mabaki ya chakula pipa lake, na chupa za kioo hupangwa kwa rangi. Jumapili usizitupe chupa hizo, zinapiga kelele, na jirani ambaye hajakusalimia tangu ufike atakusalimia siku hiyo. Chakula cha jioni ni mkate na jibini, baridi, na hakuna kingine kinachokuja. Mwezi wa kumi na mbili giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Wakati huo usipige simu nyumbani, utalia.

Nyumbani wao watakupigia. Hawaamini kwamba mtu anaweza kuishi Ulaya kwa posho ya kujitolea, na ukiwatumia picha ya theluji wanaona nyuma yako gari la mtu. Kila atakayeulizia trekta, mwambie limo kwenye maombi.

7. Toa ripoti, kisha lipa deni

Ukirudi utasimamishwa tena mbele. Watasubiri utaje mfadhili na mabati. Taja kazi uliyoiacha kwenye barua: nilikuwa naogesha wazee, na wengine walikuwa na watoto ambao walikuja kila Jumapili na maua, na wengine hawakuwa na mtu ila sisi. Kanisa litanyamaza kidogo. Mama yako atatazama chini. Endelea. Kisha waulize vijana wa kikundi chako ni lini mara ya mwisho walimfulia bibi yeyote wa mtaa huu ambaye wanawe wako Dar es Salaam. Hapo utakuwa umehubiri kuliko mwaka mzima uliopita.

Baadaye mwaka huo atashuka kijana mwingine wa Kijerumani, mwenye begi mgongoni na moyo mweupe. Mpokee vizuri. Mchinjieni mbuzi, mpeni chandarua. Siku ya tatu mkabidhi dekio la zahanati na ratiba yenye jina lake. Darasa asipewe mpaka alete cheti cha Kiswahili na cha ualimu. Akienda kulalamika kwa mchungaji, mchungaji amjibu kwa upole kwamba huo ndio utaratibu.