Bati Tupu, Mateso Tele

Jirani, hebu niambie wewe mwenye akili zako. Injini ya trekta langu haijawahi kunikosea adabu. Perkins ya silinda tatu, farasi 45, nzee kuliko mimi. Asubuhi ya baridi ya hapa Karatu unapiga stata, inakohoa, inatoa moshi, inaamka. Giaboksi iko sawa. Haidroli inanyanyua. Lakini kile kibati kisichotiwa oili wala dizeli, ambacho kazi yake nzima ni kuzuia tope lisimrukie dereva, hicho ndicho kinachonimaliza. Madigadi!

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, yale mekundu waliyokuwa wakiyatengeneza Coventry, Uingereza, tangu 1964 mpaka 1975. Baba mkwe aliponiuzia alilipigapiga boneti akasema, "Mkwe, chuma hiki hakifi." Kweli, hakijafa. Habari za bati hakuzigusia, na mimi sikuuliza. Utamuuliza baba mkwe habari za bati?

Sasa kila nikipaki pale dukani kwa Mangi, watu wanaacha soda zao. "Kaka, umegonga wapi?" Sijagonga! Mbona hamtaki kuelewa? Madigadi ya trekta kuukuu hayangoji kugongwa. Yanakaliwa tu.

Ukitoka shamba jioni, nani anatembea? Utingo anapanda kushoto. Kulia anapanda mama mkwe na debe lake la maharage, amejifunga kanga mbili, ametulia kama yuko sebuleni kwake. Kiti cha trekta ni kimoja, cha dereva. Basi. Anayekalia madigadi akiteleza, tairi la nyuma liko pale pale linamngoja. Hilo hata mimi nalijua. Haya, njoo wewe umwambie mama mkwe ashuke. Nakungoja hapa.

Na bati linaumia kimyakimya. Limefungwa kwa bolti kwenye chuma kinachotoka kwenye akseli. Kila shimo la barabarani, uzito wote wa mama, yaani wa abiria, unaning'inia kwenye vile vitundu vya bolti. Ufa unaanzia hapo hapo, hauuoni kwa sababu ya tope. Nati zinalegea. Bati linaanza kuimba. Mie nilidhani ni redio ya jirani.

Halafu hayo matairi. Nilipata matairi ya nyuma mapana kuliko ya asili, bei ya kutupa, nikajiona mjanja wa mji. Yakawa yanakwangua madigadi kwa ndani, krr krr krr, mpaka mjini. Fundi akasema ni kazi ndogo, magurudumu ya Massey yanatanuliwa kwa hatua za inchi 4, unageuza rimu na sahani yake ya katikati, kwisha. Nikasema si kugeuza tu? Nikageuza. Kesho yake watoto wa shule wananicheka barabarani, eti trekta la mzee limevaa viatu kinyumenyume. Kumbe ukisimama nyuma ya trekta, ncha za meno ya tairi zinatakiwa zitazame juu. Zangu zilitazama chini, kama mwenye trekta. Ukigeuza sahani, gurudumu la kulia linahamia kushoto na la kushoto kulia. Nani alinifundisha? Hakuna.

Masika ndiyo usiseme. Udongo unajishindilia kati ya tairi na bati, usiku unakauka, asubuhi tairi likizunguka linasukuma bonge gumu juu, madigadi yanavimba mgongo. Nikachoka nikasema bora plau. Plau nalo! Ile minyororo ya pembeni ikilegea, ukilinyanyua mwisho wa shamba na kukata kona, linabembea lije kusalimia tairi, kisha madigadi. Mimi niliiona minyororo inaning'inia, nikajua ni mapambo.

Na tela je? Tela ukilirudisha nyuma linakwenda usikotaka. Pale mashineni, watu wamejaa na mahindi yao, utingo kasimama nyuma anapiga kelele, "Lete! Lete! Lete bosi!" Kona ya tela ikakunja madigadi ya kushoto, bati likalia uwanja mzima ukanyamaza. Ndipo akasema, "Hapo hapo." Na ile usinihesabie. Tela ndilo lililogonga.

Najifariji kwamba Waingereza wenyewe walikuja Kongwa mwaka 1947 na mradi wao wa karanga, na matrekta mengine yaliyobaki vitani, ardhi ikakauka ikawa ngumu kama saruji, ikawatafunia majembe yao. Ilipofika 1951 Serikali yao ikautupa mradi. Wale walikuwa na serikali nzima. Mimi nina utingo.

Mwishowe nikalipeleka kwa fundi bodi. Nilikuwa nimeshalipaka rangi nyekundu mpya, linang'aa, nikijua atasifia. Hakusifia. Akainama akatazama kwa chini, huko ambako mimi sijawahi kutazama. Samadi imeganda. Mbolea ya kupandia iliyomwagika msimu uliopita imeganda juu ya samadi. Chumvi ya mbolea na unyevu, vinakula bati kwa ndani huku nje umependeza. Akachukua bisibisi, akagusa. Hakupiga, aligusa. Ikazama mpaka kwenye mpini. Akaichomoa, akanichungulia kupitia lile tundu, jicho moja.

"Mzee wangu, hapa bati lilishaondoka. Kilichobaki ni rangi yako."

Vijana wa gereji wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Basi akakata, akachomelea, akapiga pati. Tena kwa huruma akaniwekea bomba la chuma kwa chini, kutoka kwenye akseli mpaka kwenye ukingo, lishike uzito. Nikaenda kulichukua. Mama mkwe akasema tuongozane, ana shida zake mjini. Fundi akapanda juu ya madigadi kwa miguu yote miwili, akaruka ruka, akanitazama kwa fahari.

"Sasa hapa, mzee, hata watu watatu wanakaa."

Kasema kwa sauti. Mama mkwe akageuka akaita dada zake.