Nusu Lita ya Usalama

Hapa Muyeye, Malindi, ukiumwa jino watu watakupa pole. Gari lako likitoa moshi, watakupa dawa. Tangu pikapu yangu ianze kula oili nimeandikiwa dawa nyingi kuliko wodi nzima, na madaktari wangu wote walikuwa wamekaa kwenye benchi la muuza kahawa, kikombe mkononi. Hakuna hata mmoja aliyefungua boneti.

Gari lenyewe ni la dizeli, la mwaka 1996. Niliuziwa na shemeji yangu. Siku ya kunikabidhi ufunguo aliniambia, "Shemeji, hili gari halina haja ya kumwagwa oili. Linajibadilishia lenyewe." Nilicheka, nikamshukuru. Nilidhani ananisifia mali. Kazi ya gari ni kubeba makuti kutoka upande wa Gede kuyaleta Malindi mjini, kwenye mahoteli ambayo wageni hulipa pesa nyingi kulala chini ya paa ambalo bibi yangu alililia miaka mingi ligeuzwe mabati. Kipima kilomita kilisimama zamani kwenye 299,999. Nadhani kiliona haya kuendelea.

Basi kila alfajiri, kabla ya mswaki, mimi na boneti. Nachomoa stiki ya kupimia oili, naifuta kwa kitambaa, naitumbukiza tena, naichomoa. Inatoka kavu kama ulimi wa mfungaji saa kumi na moja jioni. Natia nusu lita. Lita moja ya oili inashinda lita ya dizeli kwa bei mara kadhaa, kwa hiyo ikawa kwetu gari ndilo la kwanza kunywa chai, watoto wanafuata. Mitungi mitupu ikajaa uani mpaka wagema wakaanza kupita kuulizia kama naiuza, waitilie mnazi.

Benchi la kahawa lilikaa kikao. Kanuni wote walikuwa wanazijua. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa haba. Mweupe ni dizeli isiyoungua, au maji yameingia pasipofaa. Wa buluu ni oili inaungua. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya rangi ya moshi wangu. Mmoja aliona buluu. Wa pili akaapa ni kijivu. Wa tatu, aliyewahi kuuza leso, akasema hiyo ni rangi ya shingo ya njiwa na akataka nipite tena aihakikishe. Nikapita tena. Kisha mzee mmoja akaweka kikombe chini, akakumbusha kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco hapo Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya Uhuru, na roketi ile haikuwahi kumkohoza mtu wa Muyeye. "Na ile ilikuwa inakwenda angani, bwana," akasema. "Wewe unakwenda Gede."

Baada ya ugonjwa, dawa. Wa kwanza: tia oili nzito, arubaini tupu, itaziba. Wa pili: 20W-50, hiyo haipenyi popote. Wa tatu: kuna kichupa kinauzwa mjini, unamimina tu, injini inarudi ujanani. Nikamwangalia aliyesema hivyo. Kama kichupa hicho kingekuwa kweli, yeye angekuwa wa kwanza kukinywa.

Nikaenda dukani kununua kwa akili yangu. Kosa lingine. Mtungi wa oili una maandishi mengi kuliko hatimiliki ya shamba. Kuna 15W-40. Ile W ni ya majira ya baridi ya Wazungu: oili ya 15W hupimwa wepesi wake kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ili injini ikubali kuzunguka asubuhi ya theluji. Nililipa, nikatoka nje na dhamana hiyo mkononi, jasho likinichuruzika mpaka kwenye viatu. Muyeye, kusi ikivuma mwezi wa Julai na hewa ikashuka kidogo tu, tunavaa masweta na kulalamika. Ile 40 ndiyo yetu. Inaeleza uzito wa oili ikishapata moto wa nyuzi 100, na moto tunao wa kutosha hata kabla ya kuwasha gari.

Halafu zipo herufi. Mwanangu alizisoma akashtuka: "Baba, mbona hii imepata C?" Mtoto wa KCSE huyo, C kwake ni kikao cha wazazi. Nikamweleza kwamba kwenye oili S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata huendelea mbele kadiri viwango vinavyopanda: CF-4 ni ya 1990, CI-4 ni ya 2002, CK-4 imeingia mwisho wa 2016. Ile 4 ni mapigo manne ya injini. Akauliza kama gari la mwaka 1996 linahitaji oili iliyozaliwa baada yake. Nikamwambia CI-4 inalitosha na kubaki, sisi wenyewe tunavaa mitumba iliyotutangulia. Hakuona uhusiano. Hata mimi sikuuona, lakini baba hajibu "sijui" mbele ya mwanawe.

Nikampelekea fundi. Huyu angalau alifungua boneti. Akasikiliza injini, akakanyaga mafuta, akapotea katika moshi, akarudi anafuta macho. "Mzee, oili hukupotea kwa njia nyingi. Inaweza kuvuja. Inaweza kuteremka kwenye sili za vali. Kama chujio la hewa linapitisha vumbi, na wewe unabeba makuti, vumbi hilo linasaga ringi na silinda kama msasa. Ringi zikilegea, oili inapanda juu, inaungua. Oili nzito inapunguza kidogo, lakini ringi iliyolika haioti nyama." Maneno ya maana kabisa. Kisha akaniandikia gharama ya kufungua injini. Sikuisoma yote. Nilifumba macho katikati ya tarakimu. Kabla sijaondoka akachomoa stiki, akatikisa kichwa, akaniongezea nusu lita. "Ya usalama," akasema.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mama watoto alikuwa anakaanga viazi karai vya jioni, wateja wamejipanga kibarazani. Nikamsomea malalamiko yangu yote: ringi, sili, gharama. Hakugeuka. "Baba watoto, mimi karai langu nikilijaza mafuta hadi ukingoni, viazi vikiingia tu yanamwagika, jiko zima moshi. Wewe hilo gari umelijaza mpaka wapi?"

Nikamwambia injini si karai. Akanipa viazi viwili na ukwaju ninyamaze.

Usiku sikulala. Alfajiri nikalitoa gari nje, nikaliegesha barabarani, penye usawa, nikangoja dakika kumi, nikachomoa stiki. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa urefu wa kidole gumba. Nikaita kikao cha familia.

Maungamo yakaanza. Mimi, kwa kuwa betri imechoka, huliegesha gari juu ya mwinuko wa mawe pale uani, pua ikitazama lango, ili asubuhi likigoma niliteremshe lijiwashe. Hapo ndipo nilipokuwa nikipima kila siku: oili yote imekimbilia mbele, stiki iko nyuma inalia ukame. Mwanangu naye alikuwa akipima mara tu tunaporudi safari, injini bado inachemka, oili bado iko juu inateremka pole pole. Akiona chini ya alama, anaongeza nusu. Na mara nyingine akiona imekuwa nyeusi huongeza nyingine "kuisafisha," wakati oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kazi yake. Hubeba masizi, na dawa yake ni kumwagwa yote na kubadilishwa chujio, sio kuchanganyiwa. Wa tatu ni fundi, na usalama wake. Watu watatu tunalilisha gari moja, kila mmoja akidhani halijala.

Oili ikizidi, kumbe, hupigwapigwa na krankshafti, hutupwa hewani, hupitia bomba la kupumulia na kuingia inakovutwa hewa, ikaungua. Gari halikuwa na njaa. Lilikuwa linatapika.

Tukapunguza karibu lita mbili. Jirani anayejenga nyumba ya udongo alizichukua akapake fito zisiliwe na mchwa. Kisha nikatafuta daftari la shule. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Nikahesabu safari nne za kwenda na kurudi, karibu kilomita elfu moja, boneti ikifunguliwa na mtu mmoja tu, penye usawa, injini imetulia. Lilikula robo tatu ya lita. Wapo watengenezaji wanaosema hadi lita moja kwa kilomita 1,000 bado inavumilika. Maana yake ringi zangu ni za kizee, lakini ni uzee wa kawaida, kama wangu. Chujio la hewa nimebadilisha. Ile karatasi ya fundi bado iko chini ya godoro, sijaisoma hadi mwisho.

Jana nikapita kwenye kahawa, moshi kiduchu. Benchi zima likasimama. "Nilimwambia arubaini tupu," akasema wa kwanza. "Ni 20W-50," akasema wa pili. Wa tatu hakusema kitu, alijipapasa mfukoni, nikaogopa anatoa kichupa. Wakataka nikiri ni dawa ya nani. Nikasema ni ya muuza viazi. Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, kisha wakanitaka niilipie.

Leo alfajiri nimechomoa stiki. Imezidi alama kidogo. Nyumba nzima imekana.