Sifa za Muhuri wa Chuma

Muhuri wa chuma ni mashine ndogo ya mezani inayotumia wenzo kuchapa alama kwenye karatasi bila wino. Una kitako kizito, mkono, springi na chapa mbili za duara: dume, yenye herufi zilizotokeza, na jike, yenye herufi zilizobonyea. Karatasi huingizwa katikati, mkono ukakandamizwa, na maandishi yakaota kama vipele. Baadhi ya mihuri ya zamani ilisubuliwa kwa umbo la kichwa cha simba, karatasi ikapita kinywani. Mnyama huyo alichaguliwa vyema.

Fadhila zake ndogondogo ni nyingi. Hauli umeme, kwa hiyo stima ikipotea wenyewe haupotei. Hauna wino wa kukauka. Mwizi hauchukui, maana ni mzito na hauna mnunuzi. Alama yake husomeka kwa kidole gizani, na haitokei vizuri kwenye fotokopi, jambo linaloifanya iwe ngumu kughushi. Karani anapohitaji fotokopi, huchukua penseli akailaza ubavu na kuisugua taratibu juu ya vipele vile mpaka herufi zipate rangi ya kijivu. Hivyo alama isiyonakilika hunakiliwa, na usalama wa hati hubaki pale pale.

Fadhila kuu, inayostahili maelezo marefu, ni usafiri. Muhuri wa chuma hauna gurudumu wala injini, na tangu ununuliwe haujavuka kizingiti. Hata hivyo Kisumu ina vyombo vichache vinavyotembeza watu kuuzidi. Siri iko kwenye kanuni ya wenzo. Mkono ukiwa mrefu mara kumi kuliko upande wa chapa, nguvu ya mkandamizaji huongezeka karibu mara kumi. Lakini wenzo hautoi kitu bure: kinachopatikana kwa nguvu hulipwa kwa mwendo. Vitabu vya fizikia huishia hapo. Ofisini kanuni imeboreshwa: nguvu huenda kwa karani, na mwendo hulipwa na mwananchi.

Chukua mfano wa akina mama wa mtaa wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu ya kuuzwa ng'ambo. Wamesajili kampuni ndogo na wanataka kufungua akaunti. Mwenyekiti anaipua karai, ananawa, anatembea hadi Kondele, anapanda tuktuk hadi mjini. Dirishani mwa benki karatasi haisomwi. Inageuzwa nyuma, inainuliwa kwenye mwanga. "Mama, muhuri uko wapi?" Muhuri uko kwa wakili, ghorofa ya pili, mtaa mwingine. Wakili yupo, ufunguo wa kabati uko kwa kijana aliyeenda chakula cha mchana. "Kuja kesho." Kesho yake muhuri unapigwa, lakini unaangukia juu ya saini, na dirishani hilo ni kosa. Siku ya tatu karatasi mpya, saini mpya, tuktuk nyingine. Kwa mkandamizo wa sentimita chache, mtu mzima amezungushwa mji mzima mara tatu, amepanda ngazi ambazo daktari angemwandikia kwa ada, na ameijua Barabara ya Oginga Odinga duka kwa duka. Karai imepoa siku zote tatu. Hilo halihesabiwi katika fizikia.

Sifa nyingine ya muhuri ni kufahamu mipaka. Nguvu yake huishia pale jina lililochongwa linapoishia, na Kisumu ina ushahidi wa zamani wa hilo. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo, na wakati huo hapo palikuwa Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Uingereza iliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukawa sehemu ya himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mji haukusogea hata hatua. Reli ya Uganda ikabaki na jina la nchi ambayo haikuwamo tena, na treni kutoka pwani haikuingia Kampala hadi 1931. Wakazi wa ufuo huu, kwa hiyo, walihamishwa nchi nzima kwa karatasi, bila nauli. Inaelekea nauli hiyo iliandikwa kama deni, na wajukuu wao wanailipa kidogo kidogo, dirisha kwa dirisha. Wavuvi wa Migingo, mwamba mdogo ambao Kenya na Uganda zimeugombania, hulipa yao majini: wanaotoka Kenya wamewahi kudaiwa vibali vya Uganda ili wavue kando ya jiwe wanalolala juu yake.

Kuhusu sheria, maelezo ni mafupi. Mwaka 2020 Kenya ilirekebisha sheria zake za biashara na kuondoa ulazima wa kampuni kuwa na muhuri. Saini za watu wawili walioidhinishwa zinatosha, au ya mkurugenzi mmoja mbele ya shahidi. Basi anayeuliza "muhuri uko wapi?" anauliza nini? Mwenye suti na kadi ya biashara haulizwi, huletewa kiti. Anayeulizwa ni yule ambaye karatasi yake inanukia samaki, kwa sababu inajulikana kwamba hatabisha, atarudi. Muhuri haukumtuma tuktuk hata mara moja. Alitumwa na mtu aliyekaa, aliyekuwa na kalamu mkononi na sheria upande wake, na angeweza kumaliza kazi kabla chai haijapoa.

Inabaki kueleza utunzaji. Springi hutiwa tone la mafuta ya cherehani, na chapa hufunikwa dhidi ya unyevu wa ziwa, maana kutu huanzia kwenye herufi. Muhuri usio na kazi hufaa kuwekwa juu ya karatasi zisipeperushwe na feni. Katika kazi hiyo haujapata kumpeleka mtu yeyote popote, hata Kondele.